Kuli na Karani
Riwaya ya Adam Shafi, Kuli, iliyotoka mwaka 1979, inamfuata Rashidi, mtoto wa kuli, hadi mgomo wa bandari ya Unguja wa 1948. Nilipoifundisha, niliwaagiza wanafunzi wausimulie mgomo huo kwa nafsi ya kwanza, kila mmoja achague msimulizi wake. Karibu wote walikuwa makuli (hata wavivu wa kubeba ndoo ya maji!). Mmoja tu alikuwa karani mwenye hofu ya kufukuzwa kazi, akiwatukana wagomaji. Nikampa sifuri, nikamwita kibaraka. Usiku niliisoma tena. Maneno yale yalikuwa ya karani, si ya kijana wangu. Nilimwadhibu mwandishi kwa kosa la msimulizi. Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya wenzake, naye akasimama, akaisoma yote.