Ulaya ikigeuza saa, Arusha huhesabu upya

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ulaya inarudisha saa nyuma. Hapa Arusha hakuna anayegusa mshale wa saa yake, lakini mji unasikia, na wa kwanza kusikia ni wenye vibanda umiza. Tangu Agosti ubao wa nje umekuwa ukiandikwa kwa chaki kwamba mechi za Jumamosi za Ligi Kuu ya England ni saa 11:00 jioni. Baada ya Jumapili hiyo, mechi zile zile, ambazo kwao bado ni za saa tisa alasiri, zinaingia hapa saa 12:00 jioni, na kipindi cha kwanza hakijaisha adhana ya Magharibi inalia. Zile za usiku za Ligi ya Mabingwa zinatoka saa nne na kwenda saa tano. Mpira unakwisha karibu na saa saba, na kesho yake ni siku ya kazi. Kila mwaka wapo wanaolipa kiingilio, wanakaa kwenye benchi, wanatazama matangazo ya biashara kwa saa nzima, kisha wanamuuliza mwenye kibanda kama mechi imeahirishwa.

Ofisi za utalii zina yao. Wakala wa Ulaya aliyezoea kupigiwa simu saa nne asubuhi ya Arusha, wakati kwake ni saa tatu na ndiyo kwanza anafungua ofisi, wiki inayofuata anapigiwa saa ile ile na kwake ni saa mbili, mlango bado umefungwa. Hapo hatujaongeza mkanganyiko wetu wa kila siku: mgeni aliyejifunza Kiswahili kidogo anaambiwa na dereva "kesho saa mbili", anaelewa ni saa nane mchana, na gari la kwenda Ngorongoro linamngoja mlangoni huku yeye amelala.

Wazo la kuchezea saa si la huku. George Hudson, mtafiti wa wadudu wa New Zealand, alilitoa mwaka 1895, na William Willett, mjenzi wa nyumba wa Uingereza, akalipigia debe kuanzia 1907. Nchi ya kwanza kulifanya sheria kwa taifa zima ilikuwa Ujerumani, tarehe 30 Aprili 1916, ili kuokoa makaa ya mawe wakati wa vita. Hapo Arusha iliponea chupuchupu. Boma la mji huu, ambalo Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne, lilikuwa limechukuliwa na majeshi ya Waingereza mwezi Machi mwaka huo huo, wiki chache tu kabla Berlin haijasogeza saa.

Chini ya Mlima Meru jambo hilo lingekuwa upuuzi mtupu. London mwezi Juni mchana una zaidi ya saa kumi na sita, Desemba hushuka hadi chini ya saa nane. Mtu wa huko ana mwanga wa kuhamisha kutoka alfajiri kwenda jioni. Sisi tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Ndiyo maana kuhesabu saa kuanzia macheo, saa moja ikiwa saa ya kwanza ya mchana, kumedumu Afrika Mashariki kwa raha zote: jua letu ni mwaminifu mwaka mzima.

Hata hivyo wakoloni walizichezea saa za ukanda huu kwa njia nyingine, na kumbukumbu iliyo wazi zaidi ni ya majirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Namanga. Mei 1908 gazeti rasmi la serikali ya Nairobi lilitangaza kwamba saa za nchi zitakuwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Usiku wa kuamkia 1 Julai 1928 zikasogezwa nusu saa mbele, zikawa tatu kamili. Haikupita miaka miwili sheria ile ikafutwa, na Januari 1930 mishale ikarudishwa kwenye mbili na nusu. Mwisho wa mwaka 1936 ikaongezwa robo saa. Mwisho wa Julai 1942, vita vikiwa vimepamba moto, ikaongezwa robo iliyobaki. Mara nne katika miaka kumi na minne! Tanganyika nayo ilipitia kipindi chake cha robo saa kabla ya kutulia kwenye tatu kamili.

Ajabu ni kwamba ile saa ya kwanza, ya mwaka 1908, ndiyo iliyolifaa jua la huku kuliko zote. Mbili na nusu ni jua la nyuzi 37 na nusu mashariki, mstari unaopita karibu na kilele cha Mawenzi. Tatu kamili ni jua la nyuzi 45, karibu na Mogadishu. Arusha iko nyuzi 36 na dakika 41, kwa hiyo jua hutufikia utosini, kwa wastani, saa sita na dakika 33. Tunaposema saa sita mchana, tunataja adhuhuri ya Wasomali.

Lakini habari kubwa ya saa katika mji huu haimo katika magazeti rasmi. Imo ndani ya jengo la mikutano la AICC, katika miaka ambayo dunia ilileta kesi yake nzito kuliko zote hapa.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, na Februari 1995 Arusha ikachaguliwa kuwa makao yake. Tangu siku hiyo kesi moja ilikuwa na saa nne. Majaji walikaa Arusha. Wapelelezi walikuwa Kigali, saa moja nyuma yetu. Chumba cha rufaa kilikuwa The Hague, saa mbili nyuma wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Bajeti na maagizo vilitoka New York, saa nane nyuma au saba, kutegemea mwezi. Ofisa wa New York aliyeingia kazini saa tatu asubuhi mwezi Januari alimkuta mwenzake wa Arusha saa kumi na moja jioni, anafunga makabati. Na Wamarekani hawasogezi saa siku moja na Wazungu wa Ulaya. Tangu 2007 wao huanza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho. Katikati yake kuna wiki mbili au tatu ambazo hesabu iliyokaririwa na kila karani haifanyi kazi.

Hayo ni ya ofisini. Ya kizimbani yalikuwa mazito zaidi, na anayetaka kuyajua asome hukumu ya Jean-Paul Akayesu, meya wa wilaya ya Taba, iliyotolewa hapa tarehe 2 Septemba 1998 na majaji Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Dunia inaikumbuka kwa sababu ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mimi naikumbuka pia kwa kurasa ambazo hazinukuliwi sana, pale majaji wanapoeleza namna walivyowasikiliza mashahidi. Wanasema wengi walitaabika kutaja tarehe, saa, umbali na mahali kwa usahihi. Kwamba maneno yalitoka katika Kinyarwanda yakaingia Kifaransa na Kiingereza. Kwamba walimwita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, awafafanulie. Na wakaamua kwamba ugumu huo usihesabiwe kuwa uongo.

Weka hapo jambo analolijua kila aliyeishi Kigali: Mnyarwanda anapotaja saa kwa lugha yake anahesabu kama sisi, kuanzia macheo. Saa mbili yake ya usiku ndiyo saa mbili yetu ya usiku. Mkulima wa Taba aliyeketi mbele ya majaji akasema walikuja saa tatu asubuhi, saa hiyo ililazimika kugeuzwa kuwa tisa kwa Kifaransa, kisha tisa hiyo iandikwe kwa Kiingereza, wakili wa utetezi akiwa tayari kushika penseli na kuuliza mbona maelezo ya mwanzo kwa wapelelezi yanataja saa nyingine. Shahidi huyo alikuwa ameletwa kwa ndege kutoka nchi iliyo saa moja nyuma. Na aliyokuwa akiyaeleza, mke kuuawa, mtoto kuuawa, hayakutokea mbele ya saa ya ukutani.

Hata tukio lililowasha moto lina saa mbili. Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Habyarimana wa Rwanda aliondoka Dar es Salaam baada ya mkutano wa wakuu wa nchi, na ndege yake ikatunguliwa Kigali mnamo saa mbili na nusu usiku. Kwa waliomuaga Dar es Salaam ilikuwa inakaribia saa tatu na nusu. Anayesoma nyaraka za usiku huo bila kuuliza kila dakika ni ya wapi, anaweza kukosea safari ya ndege hiyo kwa saa nzima.

Mahakama ilisikiliza mashahidi zaidi ya 3,000 na kuwashtaki watu 93 kabla ya kufunga milango Desemba 2015. Wakalimani wake, waliozibeba saa hizo mchana kutwa ndani ya vibanda vya vioo, walistahili kukumbukwa na mji huu kuliko walivyokumbukwa. Tunawaonyesha wageni Mnara wa Saa na kuwaambia wako katikati ya Cairo na Cape Town. Hatuwaambii kwamba mita mia chache kutoka hapo haki ya watu wengi ilitegemea saa kugeuzwa bila kosa.

Siku hizi mzigo umehamia kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanachama wake watatu wa mwanzo walikuwa na saa moja. Rwanda na Burundi zilipoingia mwaka 2007 zikawa mbili. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016 ikiwa na saa zetu, kisha tarehe 1 Februari 2021 ikarudisha mshale saa moja nyuma, mwezi ule ule ambao wakuu wa nchi waliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Mwaka 2022 ikaja Kongo, nchi yenye saa mbili ndani ya mipaka yake.

Kwa maoni yangu, kila mwaliko unaotoka Arusha ungetaja saa kwa Kiswahili, kwa hesabu ya macheo, na jina la mji pembeni yake. Kikao cha saa tatu asubuhi hapa ni saa mbili Goma na saa moja Kinshasa. Mjumbe wa Kinshasa anayekifuata kwa mtandao anatakiwa awe ameshaketi mbele ya kompyuta yake wakati jirani zake ndiyo kwanza wanatoka kwenda kupanga foleni ya basi.