Jabali la Mfano: Maana ya Istilahi na Utengenezaji Wake

Istilahi "jabali la mfano" inapendekezwa hapa kwa umbo dogo la mawe makubwa linalowekwa kando ya reli ya mfano, yaani reli ambayo vipimo vyake vyote vimepunguzwa kwa uwiano mmoja. Istilahi "ukuta wa mwamba", ingawa huja upesi mdomoni, haifai, kwa kuwa ukuta ni kitu kilichojengwa na kunyooshwa, na fundi aliyeagizwa ukuta atausawazisha uso wake. Neno "genge" nalo libakie kwa mwamba uliosimama wima, kama ule unaoachwa kilima kinapokatwa ili reli ipite.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kusini-mashariki mwa Ziwa Viktoria, katika ukanda unaotoka Mwanza kuelekea Mwamanyili na Bariadi mkoani Simiyu. Huko matale, yaani mawe ya graniti yenye umri unaozidi miaka milioni 2,500, yamepasuka kwa mistari inayokatana, maji yakaingia katika nyufa na kuzila pembe, na magamba yakabambuka moja baada ya jingine, hata yakabaki mawe ya mviringo yaliyobebana. Anayeunda mfano wa reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, hana haja ya matabaka yenye ncha kali. Kwa uwiano wa 1:87, rundo la mawe lenye kimo cha mita 9 huwa na sentimita 10 hivi.

Malighafi inayofaa zaidi ni unga wa jipsamu, uleule unaotumika kutengenezea chaki wilayani Maswa. Jipsamu ikichomwa hupoteza sehemu kubwa ya maji yake, na unga wake ukikorogwa na maji huyarudisha, hupata joto kidogo na kuganda. Uji huo humiminwa katika kalibu ya mpira, ambayo hupatikana kwa kupaka jiwe halisi mpira wa maji tabaka kadhaa na kuubandua ukishakauka. Jiwe dogo lenye nyufa nyembamba hufaa kuliko kubwa, kwa sababu nyufa hizo ndizo zitakazoonekana kuwa mianya mipana.

Katika kupaka rangi, kosa kubwa ni kuanza na kijivu kizito. Kwanza hutumika "rangi ya kutiririsha", iliyozimuliwa kwa maji mengi, ambayo hutuama nyufani na kuacha migongo ya mawe ikiwa myeupe. Kisha "brashi kavu", iliyofutwa karibu rangi yote, hupitishwa juu ya kingo peke yake. Mwisho huongezwa mabaka ya rangi ya chungwa ya likeni, kuvu na mwani vinavyoishi pamoja juu ya mawe, na michirizi ya mkojo wa pimbi, ambayo ianzie kwenye mwanya mmoja na kushuka, kwa kuwa pimbi hurudia choo kilekile.