Udurusu wa maandishi: Mhimili wa utafiti wa mwanafunzi

Udurusu wa maandishi ni sehemu ya pendekezo la utafiti au tasnifu ambamo mtafiti huchunguza na kutathmini yale ambayo watangulizi wake wameandika kuhusu mada yake. Wanafunzi wengi huichukulia sehemu hii kuwa orodha ya vitabu walivyovisoma: fulani alisema hivi, fulani akasema vile. Huo ni muhtasari tu, wala si udurusu.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayenuia kuchunguza iwapo utungo usio na vina na mizani unastahili kuitwa shairi la Kiswahili. Kaluta Amri Abedi alifafanua kanuni za utunzi katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954). Euphrase Kezilahabi akazikiuka kanuni hizo katika Kichomi (1974). M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walishikilia katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979) kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Asiyezijua kazi hizi atapoteza muda na karo akiuliza swali lililokwisha kujadiliwa kwa miongo kadhaa, na huenda pendekezo lake likakataliwa.

Kwa upande mwingine, aliyezisoma na kuzilinganisha atatambua kwamba mjadala huo ulielemea zaidi umbo la shairi. Hapo anaweza kujiuliza, kwa mfano, jinsi wanafunzi wa shule za upili wanavyoyapokea mashairi huru darasani. Kisha hana budi kupekua tasnifu na makala za karibuni ili ahakikishe kuwa swali hilo halijajibiwa. Hilo ndilo pengo la utafiti.

Aidha, udurusu humwonyesha mtafiti nadharia na mbinu zilizotumiwa na wengine, zilikofaulu na zilikokwama. Inafaa kazi zipangwe kwa kufuata hoja zinazozungumzia, si majina ya waandishi. Anayenukuu naye anukuu alichokisoma mwenyewe na kutaja chanzo chake, kwani kuyatwaa maneno ya mwingine bila kukiri ni wizi wa kitaaluma.

Kwa hivyo, udurusu hauna budi kuanza kabla ya swali la utafiti kukamilishwa, na kuendelea hadi tasnifu iwasilishwe.