Jinsi ya kuvuta trela ya maji kwa usalama Banissa

BANISSA, katika Kaunti ya Mandera, ni eneo kame ambalo wakazi wake hutegemea mvua, visima na mabwawa ya kuchimbwa. Mto Daua hupita mpakani na Ethiopia, mbali na mji. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, watu wengi wa kaskazini mwa Kenya walitegemea maji ya kusombwa kwa magari. Kwa hivyo, trela ya maji inapopinduka, hasara si ya mwenye gari pekee. Kuna watu na mifugo watakaolala na kiu.

Jambo la kwanza ni uzito. Lita moja ya maji ina kilo moja, hivyo tangi la lita 1,000 hubeba tani moja kabla ya kuhesabu chuma. Dereva hana budi kujua uzito ambao mtengenezaji ameruhusu gari lake livute, na asiupite.

La pili ni mpangilio wa mzigo. Ukielemea nyuma ya ekseli, mkono wa trela huinuka, magurudumu ya nyuma ya gari hukosa mshiko na trela huanza kuyumba. Kwa pikapu inayovuta trela ya ekseli moja, kanuni inayotumiwa na wengi ni kuwa mkono ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Trela ya kilo 1,300 basi huegemeza kilo 130 hadi 195 kwenye kiungio, mradi kiungio kiwe na uwezo huo.

Aidha, tangi lililojaa nusu ni hatari zaidi kwenye kona, kwani maji husukumana upande hadi upande. Tangi zuri huwa na kuta za ndani zenye matundu ili kupunguza msukumo huo. Lisilo nazo afadhali lisafirishwe likiwa limejaa au tupu.

Kabla ya safari, sharti kukagua pini ya kiungio, minyororo ya usalama, upepo wa tairi, nati za magurudumu, breki na taa.

Barabarani, mwendo uwe wa pole. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika kusimamisha gari huongezeka mara nne. Kwenye mteremko, gia ndogo iingizwe mapema. Trela ikiyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta taratibu na kushika usukani sawasawa, bila kukanyaga breki kwa ghafla wala kuongeza kasi.

Hatimaye, laga linalotiririka lisivukwe. Mvua iliyonyesha mbali huleta mafuriko hata pasipo na wingu, na trela huwa rahisi kusukumwa na mkondo na kuburuta gari. Kusubiri maji yapungue ni bora kuliko kupoteza gari, maji na maisha.