Nyayo za Maradhi Mpakani: Yaliyoandikwa Busia na Malaba

Mtu asafiriye kutoka Bungoma kwenda Malaba huliona jiwe la Tororo, lililosimama peke yake ng'ambo ya pili, kabla hajauona mpaka wenyewe wa Kenya na Uganda. Na ashikapo njia ya kusini kuelekea Busia hupita katika nchi ya Wateso na Wakhayo, na akizidi kuteremka huingia kwa Wasamia na Wanyala wa pembezoni mwa ziwa, ambao wengi wao wana ndugu na wakwe pande zote mbili. Haya si ya ajabu, kwani kabla ya tarehe 1 Aprili 1902 nchi yote hii, hata kufika Naivasha, ilihesabiwa kuwa ni Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na mstari ulipovutwa haukuuliza shamba la nani limebaki wapi. Hata neno bodaboda, ambalo leo latumika mpaka Dar es Salaam, lilizaliwa papa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliovusha abiria na mizigo baina ya vituo viwili vya forodha.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma makala ambayo wataalamu wa maradhi ya kuambukiza wameyaandika juu ya mpaka huu na jirani zake, na katika takriban yote nimekuta jambo moja: mwandishi huanza kwa kumtazama mgonjwa, na kabla hajaifikia tamati amekwisha kujikuta akiifuata njia aliyopita ng'ombe, au nguruwe, au lori.

Malale ndiyo yaliyotangulia. Mwanzoni mwa karne iliyopita maradhi haya yaliishika Busoga na visiwa na pwani za ziwa, na Samia haikusalimika. Mtu alivimba tezi za shingo, kisha akili ikamzorota, mwisho akasinzia na tonge mkononi. Tabibu Albert Cook wa Mengo aliyatambua mwaka 1901. Aldo Castellani akakiona kijidudu chake katika maji ya uti wa mgongo mwaka 1902, na David Bruce aliyefika mwaka uliofuata akathibitisha kwamba mbebaji wake ni mbung'o. Hapana shaka ilikuwa elimu kubwa, lakini ilifika watu wakiwa wanazikwa, nao waliokufa katika janga lile walizidi 200,000. Gavana Hesketh Bell akaamuru pwani ya ziwa upande wa Uganda ihamwe, na watu wakayaacha makaburi ya wazee wao na mitumbwi yao ili wamwepuke nzi.

Swali lililobakia lilikuwa hili: mahali palipokuwa na wagonjwa wachache tu, tena wametawanyika, kijidudu hujificha wapi? Jawabu lilitoka mwendo mfupi magharibi ya Malaba, katika mji wa Tororo, yalipokuwa makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale. Mwaka 1966 R. J. Onyango pamoja na wenzake van Hoeve na de Raadt walichapisha makala juu ya malale ya Alego, kusini kidogo ya Busia, wakionyesha ushahidi kwamba ng'ombe aweza kukihifadhi mwilini mwake kijidudu kimwambukizacho binadamu. Naomba msomaji alipime jambo hili kwa mizani ya mtu wa huku. Ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni jembe la kulimia. Hulala karibu na nyumba, na asubuhi hupelekwa mtoni kunywa, mahali pale pale akina mama wachotapo maji na mbung'o akaapo katika vichaka. Huyo ng'ombe anatafuna na kunenepa, wala hana dalili ya kumtia mwenyewe wasiwasi. Miaka 35 baadaye, mwaka 2001, Eric Fèvre na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet habari ya mlipuko mpya wa malale huko Soroti, mashariki ya Uganda, wakaonyesha kwamba hatari ilizidi kadiri nyumba ilivyokuwa karibu na soko la ng'ombe, na kwamba soko hilo liliuza wanyama waliotoka sehemu zenye malale. Onyango aliuonyesha mzigo. Hawa wa pili wakaionyesha safari yake.

Juu ya virusi, wanazuoni wa Entebbe, katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation, ndio waliotangulia kuandika, na orodha ya walivyovigundua ni ndefu; hapa yatosha kuitaja o'nyong'nyong, homa ivunjayo viungo, iliyoanza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ikavuka mpaka ikaingia Kenya na Tanganyika kwa kubebwa na mbu wale wale wa malaria, ikawapata watu takriban milioni mbili.

Hata hivyo, kwangu mimi, sehemu iliyo na mengi ya kufikiriwa ni ya nguruwe. Kati ya mwaka 2010 na 2012 Fèvre yule yule na kundi lake waliweka maabara Busia, wakazunguka maboma 416 wakiwapima watu 2,113 pamoja na mifugo yao, damu ya mtu na damu ya mnyama wake zikaandikwa katika daftari moja. Mmoja wao, Lian Thomas, aliwafunga nguruwe kumi kola za kupokea ishara za setilaiti ili ajue waendako. Ikadhihirika kwamba kwa muda wa saa kumi na mbili nguruwe hutembea, kwa wastani, mita 4,340, na kwamba karibu nusu ya wakati wake hayupo katika boma la mwenyewe. Yupo shambani kwa jirani, yupo jalalani, yupo nyuma ya nyumba isiyo na choo. Na humo ndimo aokotamo mayai ya tegu, ambayo yakiingia katika tumbo la binadamu hutoa mabuu yawezayo kufika hadi ubongoni yakamletea kifafa. Ni wangapi katika nchi hii waliotengwa kwa kifafa, wakadhaniwa wamerogwa, ilhali chanzo chake kilikuwa kikipita uani kila siku!

Na nguruwe hao wana msiba wao. Homa ya nguruwe ya Kiafrika ilielezwa kwa mara ya kwanza duniani katika Kenya, na R. Eustace Montgomery, mwaka 1921. Katika nguruwe 1,366 aliowahesabu, 1,352 walikufa. Ngiri na kupe hukibeba kirusi chake pasipo kudhurika, kama ng'ombe wa Alego. Kirusi kilichopatikana kwa nguruwe mmoja wa kufugwa hapa kilisomwa jenomu yake yote, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015 chini ya jina Ken06.Bus: Kenya, mwaka 2006, Busia. Mchunguzi wa Ulaya au Uchina alinganishapo virusi vyake na vya Kenya hukutana na herufi hizo tatu za mwisho, nami husikitika nikikumbuka kwamba mama ambaye zizi lake huachwa tupu na homa hiyo kwa juma moja hana hata ukurasa mmoja wa elimu hii kwa Kiswahili, wala kwa Kiteso, wala kwa Kisamia.

Walibaki madereva. Marehemu Job Bwayo, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeuawa na majambazi Februari 2007, aliwapima madereva wa masafa marefu huko Athi River, akaandika mwaka 1994 juu ya UKIMWI miongoni mwao; Chester Morris na Alan Ferguson wakaifuata barabara ya madereva hao kituo kwa kituo hadi kuingia Uganda, wakachapisha mwaka 2006 na 2007. Walilolikuta laeleweka kwa yeyote aliyewahi kulala Malaba: lori huzuiliwa na karatasi, dereva hungoja usiku mmoja, mara siku tatu, na pale angojapo pana chakula, pana pombe, pana mwanamke mwenye watoto wa kusomesha. Bwayo hakuwaandika watu hao kama wakosaji, na kwa hilo namheshimu.

Kisha ukaja mwaka 2020, dereva akazuiliwa asivuke mpaka hadi apimwe korona, na foleni ikanyooka kilomita nyingi. Watu walipika chini ya matrela yao, na wenyeji wakawaogopa. Vipimo vyao vilipelekwa Alupe, kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba, katika maabara ya KEMRI, taasisi iliyoundwa mwaka 1979. Alupe ndipo kilipoanzishwa, katika miaka ya 1950, kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa ukoma, kikapewa jina la ukumbusho wa John Lowe, tabibu aliyewatibu wakoma wa Nigeria kwa dapsone. Wakati huo pia watu walifika kwa miguu kutoka pande zote mbili za mpaka, wakiwa na mabaka yasiyohisi mguso, wakaketi kungoja waambiwe kama wataruhusiwa kurudi kwao.