Namna ya kukagua vyakula vya pakiti visivyo na gluteni kabla ya kuvivusha mpakani

Kwa mfanyabiashara anayevusha unga wa ulezi, mtama au muhogo kupitia Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, maneno "hauna gluteni" yanaweza kuonekana kama njia rahisi ya kupata bei nzuri. Nafaka na mizizi hiyo kwa asili haina gluteni. Lakini maneno hayo ni ahadi ya kiafya kwa mlaji. Ahadi ikivunjika, mgonjwa anaumia, na mwenye mali anaweza kurudishiwa mzigo au kupoteza mnunuzi. Makala hii inaeleza mambo ya kukagua dukani, kiwandani na kwenye lori.

GLUTENI NI NINI?

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya kinyunya cha chapati kivutike bila kukatika. Walio wengi wanaila bila shida. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili inapokutana na gluteni hushambulia utumbo mdogo. Matokeo yake ni kuharisha, tumbo kujaa gesi, kupungukiwa damu na, kwa watoto, kudumaa.

Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 100 duniani ana ugonjwa huu, na wengi hawajagunduliwa. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Kuchemsha, kukaanga au kuoka hakuiondoi.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Sahara Magharibi ulikuta zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wanao.

KIWANGO KINACHORUHUSIWA

Kiwango cha kimataifa cha Codex, kilichorekebishwa mwaka 2008, kinataka chakula kinachoitwa "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Umoja wa Ulaya unatumia kiwango hicho hicho, na Marekani ilitoa kanuni yake mwaka 2013 ikitaka kiasi kiwe chini ya hapo.

Tuweke hesabu hiyo katika lugha ya mizigo. Unga wa ngano una takriban gramu 8 hadi 10 za gluteni katika kila gramu 100. Kwa hiyo gramu 200 hadi 250 za unga wa ngano zinatosha kufikisha tani nzima ya unga wa ulezi kwenye kikomo. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, ni kama kijiko kimoja na nusu cha chakula. Unga uliobaki kwenye mishono ya gunia la mtumba unaweza kuzidi hapo. Tena hausambai sawasawa: pakiti moja inaweza kuwa salama na ya pili ikawa na madhara.

KUSOMA LEBO

Kwanza, soma orodha yote ya viambato, usiishie kwenye jina la bidhaa. Unga wa lishe huandikwa ulezi kwa herufi kubwa mbele, na ngano ikatajwa nyuma kwa herufi ndogo. Vingine vya kuangalia ni hivi:

- Kimea. Mara nyingi hutokana na shayiri. Kimo kwenye vinywaji vya unga na baadhi ya vyakula vya mahindi vya asubuhi.
- Sosi ya soya. Ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano.
- Soseji, vidonge vya mchuzi na viungo vya unga. Ngano hutumika kuongeza uzito au kushikanisha.
- Mvuje wa unga kutoka India. Mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano.
- Suji, tambi na kuskusi. Za kawaida ni ngano tupu.
- Oti, ambazo baadhi ya watu huziita shayiri. Huchanganyika na ngano shambani na kiwandani, hivyo zinazokubalika ni zile zilizotayarishwa maalumu.

Pili, tafuta tahadhari ya kwamba bidhaa inaweza kuwa na chembe za ngano au imetengenezwa kiwanda kimoja na ngano. Onyo hilo likiwepo, usiuze bidhaa hiyo kwa mteja wa siliaki. Likikosekana, si uthibitisho wa usalama, kwa kuwa nchi nyingi zinaliacha kwa hiari ya mtengenezaji.

Tatu, tazama lebo ilitoka wapi. Ulaya nafaka zenye gluteni lazima zitajwe na kukolezwa kwenye orodha ya viambato. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 inalazimisha kutaja ngano, lakini haikuweka shayiri wala rai katika orodha hiyo ya vizio. Kwa bidhaa ya Marekani, kukosekana kwa neno ngano hakutoshi. "Bila ngano" na "bila gluteni" ni mambo mawili tofauti.

Kwa mizigo ya Kongo na Burundi yenye lebo za Kifaransa, blé ni ngano, orge ni shayiri, seigle ni rai na avoine ni oti. Kwa Kiarabu, kwenye bidhaa za Ghuba, qamh ni ngano na sha'ir ni shayiri.

Nembo ya suke la nafaka lililokatwa kwa mstari hutolewa kwa leseni na vyama vya wagonjwa wa siliaki. Ukiiona, tafuta na namba ya leseni. Nembo isiyo na namba mwulize aliyekuuzia.

HATI ZA KUDAI

Alama ya ubora ya TBS, KEBS, UNBS au RSB ina umuhimu wake, na Sheria ya Viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inataka nchi wanachama zitambuliane alama hizo. Hata hivyo alama kwenye unga wa kawaida inahusu kiwango cha unga huo. Haisemi kwamba gluteni imepimwa. Vivyo hivyo cheti cha sumukuvu: mzigo unaweza kupita kipimo cha sumukuvu na bado ukawa na ngano.

Kama lebo inadai "bila gluteni", dai cheti cha maabara chenye namba ya toleo inayofanana na iliyo kwenye pakiti. Cheti cha toleo la mwaka jana hakikusaidii. Maabara hutumia kipimo kiitwacho ELISA. Kwa vyakula vilivyochachushwa, kama bia na sosi ya soya, kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha gluteni pungufu kuliko iliyomo. Ulizia ni kipimo gani kilitumika.

Kwa unga uliosagwa mtaani, uliza swali moja: mashine hii inasaga ngano? Kama inasaga, kupitisha debe moja la mahindi kuisafisha hakutoshi kuandika "bila gluteni".

KWENYE LORI NA GHALANI

Kiwanda kinaweza kufanya kila kitu sawa, na mzigo ukaharibikia njiani. Wasafirishaji wazingatie yafuatayo:

1. Tumia mifuko mipya. Viroba vilivyobeba unga wa ngano visirudiwe hata vikikung'utwa.
2. Fagia tela, kisha pangusa kwa kitambaa kibichi. Kupuliza kwa kompresa kunarusha vumbi lirudi pale pale.
3. Kung'uta turubai pande zote mbili, mbali na lori.
4. Mzigo ukiwa mchanganyiko, ngano ikae chini na bidhaa zisizo na gluteni zikae juu, zikitenganishwa kwa plastiki. Unga unaovuja huanguka chini.
5. Wakaguzi wa mpakani wakifungua mfuko, utenge na uuandike. Mfuko uliopasuka usihamishiwe kwenye kiroba kingine na kurudishwa kwenye mzigo.
6. Andika mzigo uliotangulia kubebwa na lori hilo. Mnunuzi makini atauliza.

Usipoweza kuthibitisha, uza unga wako kwa jina lake: unga wa ulezi, unga wa mtama, unga wa muhogo. Ni biashara halali na ina soko lake. Mteja akiuliza kama unamfaa mgonjwa wa siliaki, mwambie ukweli kwamba haujapimwa. Yeye anajua kinachompata akikosea, na akikuta husemi uongo atarudi siku utakapokuwa na uliopimwa.