Sindano ya Kiuno: Je, Ukale wa Tiba ni Ushahidi?

Mwaka jana baba mdogo, mchukuzi wa mizigo katika soko moja hapa Kampala, aliinua gunia la mahindi na kiuno kikamkaza palepale. Hakuweza kusimama wima. Alipelekwa kwenye kituo cha akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, akalipa kwa fedha alizonitengea ada. Aliambiwa asitie shaka, kwa kuwa tiba hiyo ina zaidi ya miaka 2,000 na haijawahi kubadilika. Katika insha hii naonyesha kwamba nusu ya kwanza ya dai hilo ni kweli, nusu ya pili si kweli, na hata iliyo kweli haithibitishi kwamba tiba inaponya.

Ukale wa akupancha hauna ubishi. Huangdi Neijing, kitabu cha utabibu cha Kichina chenye umri wa takriban miaka 2,000, kina sura nzima kuhusu kutibu maumivu ya kiuno kwa sindano. Kinaeleza kwamba nguvu iitwayo qi hupita katika njia zake mwilini, na njia hizo zikiziba mtu huumwa. Lakini mwaka 1822 mfalme Daoguang aliamuru akupancha iondolewe katika taasisi ya utabibu ya ikulu. Katika miaka ya 1930 tabibu Cheng Dan'an aliifufua kwa kuibadilisha: alitumia sindano nyembamba badala ya zile nene za zamani, na akapanga upya sehemu za kuchoma kwa kufuata neva, mbali na mishipa ya damu. Sindano alizochomwa baba mdogo zinatokana zaidi na mageuzi hayo kuliko na enzi za wafalme.

Huko Ulaya nako tiba hii ilichukua sura nyingine. Willem ten Rhijne, tabibu Mholanzi aliyefanya kazi Japani, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1683. Mwaka 1892 William Osler, daktari Mkanada mwenye sifa kubwa, aliisifu katika kitabu chake cha kiada kuwa tiba bora ya maumivu ya ghafla ya kiuno. Alielekeza sindano za inchi 3 hadi 4, hata pini za kawaida za kofia, zichomwe katika misuli ya kiuno na kuachwa humo dakika 5 hadi 10. Hakuhitaji qi wala njia zake. Hata hivyo, Harvey Cushing, aliyeandika maisha ya Osler, anasimulia kwamba alipomchoma tajiri wa sukari Peter Redpath huko Montreal, mzee huyo alitoa tusi kwa kila sindano, kisha akaondoka bila nafuu.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2009 mwongozo rasmi wa Uingereza ulikubali akupancha kwa maumivu ya kiuno yaliyodumu zaidi ya wiki 6. Mwaka 2016 mwongozo mpya ukashauri isitolewe kabisa kwa maumivu hayo. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kiliiorodhesha miongoni mwa tiba za maumivu ya ghafla, lakini kikakiri kwamba ushahidi wake ni hafifu.

Kwa nini basi sifa yake imedumu? Jibu moja ni kwamba maumivu mengi ya ghafla ya kiuno hupungua yenyewe katika siku au wiki chache. Mgonjwa akichomwa sindano wiki hiyohiyo, sifa huenda kwa sindano. Baba mdogo alirudi sokoni baada ya siku 11, naye anaamini sindano ndizo zilizomwinua. Mimi siwezi kumwambia kwamba amekosea, maana hatujui angekuwaje bila hizo. Ninachoweza kusema kama mwanafunzi wa historia ni kwamba umri wa tiba hutuambia watu wameiamini kwa muda gani. Kama inaponya, hilo ni swali jingine, na lilistahili kuulizwa kabla ya kulipa.